Shaka ya Kukodi

Kiswahili bado hakijatulia juu ya neno la kumwita mtu anayelipwa kuwaendea watunga sheria ili waamue hivi na wasiamue vile. Wengine husema mshawishi, lakini neno hilo ni pole mno. Mtoto anayemng'ang'ania mama yake amnunulie urojo naye ni mshawishi. Dalali angefaa, ila dalali ana heshima yake: muuzaji na mnunuzi wote wanamjua ni nani, na ujira wake hauna siri. Wakili naye husimama mbele ya hakimu akamtaja aliyemtuma. Pengine wa karibu zaidi ni yule kijana wa stendi anayepewa chochote aketi ndani ya gari tupu, kifurushi mapajani, ili apitaye adhani abiria wamekwisha kujaa na gari li karibu kuondoka. Hasemi neno. Anakaa tu. Mtu mwenye haraka zake anapanda, analipa, kisha anamwona jirani yake wa kiti akiteremka kimyakimya na kuelekea gari jingine.

Je, kijana huyo amesema uwongo? Na ikiwa hakusema, amemdhulumu nani, kwa kitu gani? Swali hili ni kongwe, na wanafikra wa kila umma wamelipitia. Lakini ni mara chache lilipopata mwili na mifupa kama katika mvutano wa sheria za tabianchi huko Marekani, ambako makampuni makubwa ya mafuta, makaa ya mawe na magari yalitumia mamilioni ya dola kununua bidhaa ambayo hapo kabla wauza sigara waliithibitisha sokoni: shaka.

Haya hayakufanywa na watu wasiojua. Julai 1977 mwanasayansi James Black aliwaeleza wakuu wa kampuni yake ya Exxon kwamba, kwa makubaliano ya wataalamu, hewa ukaa itokanayo na kuchoma mafuta na makaa ndiyo njia ambayo yumkini zaidi mwanadamu anaibadili hali ya hewa ya dunia. Watafiti walioyapitia makadirio ya wanasayansi wa Exxon ya kuanzia mwaka huo hadi 2003 walichapisha matokeo yao mwaka 2023 katika jarida la Science: mengi ya makadirio hayo yalilingana na joto lililokuja kupimwa. Hata hivyo Exxon ilikuwa miongoni mwa wanachama wa Global Climate Coalition, muungano ulioundwa 1989 ili kupinga sheria na mikataba ya kupunguza gesi hizo. Mwaka 1995 washauri wa kisayansi wa muungano huo huo waliandika katika rasimu ya ndani kwamba misingi ya kisayansi ya jambo hili imethibiti na haiwezi kukanushwa, na kwamba nadharia za wapinzani hazina hoja za kutosheleza. Sehemu iliyowapima wapinzani iliondolewa kabla ya waraka kusambazwa. Nje, muungano ukaendelea kunena kwamba mambo bado hayajulikani vema. Ulimwengu ulikuja kupata habari za rasimu hiyo mwaka 2009, ilhali muungano wenyewe ulikwisha kuvunjwa tangu 2002.

Tarehe 25 Julai 1997 Baraza la Seneti lilipitisha, kwa kura 95 bila ya hata moja ya kupinga, azimio lisilo na nguvu ya sheria, lililoitaka serikali isitie saini mkataba ambao hautazibana pia nchi zinazoendelea, au utakaodhuru uchumi wa Marekani. Si insafu kudai kwamba kura zote hizo zilinunuliwa. Maseneta wengi walihofia ajira za migodini na viwandani katika majimbo yao, na hoja kwamba China na India zingeachwa huru si hoja ya kipumbavu. Mkataba wa Kyoto ulikamilika Desemba mwaka huo huo. Rais Clinton hakuupeleka Seneti kabisa, na Machi 2001 Rais Bush akaukataa. Miezi michache baadaye afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje alikuwa akutane na wajumbe wa muungano ule, na karatasi aliyoandaliwa ya mambo ya kuwaambia ilieleza kwamba Rais aliukataa mkataba kwa sehemu kutokana na maoni yao.

Haki ya kusema basi wanayo. Mwenye kiwanda ana haki ya kumwendea mbunge wake kama aliyo nayo mvuvi, na nchi inayomziba mdomo tajiri leo itamziba maskini kesho. Lawama haimo katika kusema. Imo katika kule kuiazima sauti ya shaka na mtu ambaye mwenyewe hashuku.

Maana shaka ya kweli ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mwenye shaka. Nahodha anayelishuku wingu la kusi huahirisha safari, akala hasara ya siku mbili na kejeli za mabaharia. Mwanachuoni anayeushuku mswada aliourithi kwa mwalimu wake huupoteza usingizi, na pengine na marafiki. Shaka ya kukodi haimkoseshi mtu usingizi. Mwaka 1996, katika mradi wa gesi wa Sable nje ya pwani ya Nova Scotia huko Kanada, mradi wa Mobil na wabia wake, wahandisi waliandika kwamba katika hesabu za ujenzi ichukuliwe kuwa maji ya bahari yatapanda kwa nusu mita kwa sababu ya kuongezeka kwa joto la dunia. Mobil hiyo ilikuwa ndani ya muungano. Panapohusika chuma chake, tajiri hakuwa na shaka. Shaka ilikuwa ya kupewa wengine.

Makadhi wa pwani wamefundishwa kanuni ya zamani kwamba yakini haiondolewi na shaka. Waliokodi shaka waliipindua kanuni hiyo kwa ustadi mkubwa. Hawakuhitaji mtu yeyote aamini kwamba jua halichomi. Walihitaji aahirishe tu: kikao kijacho, utafiti mwingine, mwaka mwingine. Kwa hiyo kila sentensi yao, ukiipima peke yake, yaweza kuwa kweli. Ni kweli kwamba sayansi haijakamilika. Haijapata kukamilika tangu iumbwe. Ni kweli kwamba wataalamu hutofautiana. Sentensi za kweli zilipangwa kama abiria wa bandia, kila mmoja na kifurushi chake.

Aprili 1998, gazeti la New York Times lilifichua mpango ulioandikwa chini ya mwavuli wa American Petroleum Institute, jumuiya ya wenye mafuta. Mpango huo ulieleza waziwazi kwamba ushindi utapatikana pale raia wa kawaida atakapozitambua mashaka zilizomo katika sayansi ya tabianchi, na ulikusudia kuwatafuta na kuwafunza wanasayansi wapya, ambao sura zao hazijaonekana katika mjadala. Liwe lilitekelezwa lote au la, karatasi inasema ilichotaka.

Katika majuma hayo hayo, baina ya Machi na Mei 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalikuwa yamepata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakaanza kuwa meupe kuanzia Maldivi na Shelisheli hadi Ngazija na mwambao wa Kenya na Tanzania. Misali, upande wa magharibi wa Pemba, na Mafia, yalikufa kwa wingi mno. Joto la mwaka ule lililetwa na El Niño juu ya bahari iliyokwisha kupata joto kidogokidogo kwa miaka. Asidai mtu kwamba karatasi ya Washington iliua tumbawe la Misali. Lakini mvuvi aliyezamisha dema lake pale hakuulizwa kama angependa shaka ile inunuliwe. Aliyenunua hakulipa bei yote. Sehemu iliyobaki iliandikwa deni kwa watu ambao hawakuwako sokoni, na wengine walikuwa hawajazaliwa.

Ubandia huu ulifika ukomo wake mwaka 2009. Bunge la Wawakilishi lilikuwa linajadili mswada wa Waxman na Markey wa kuweka ukomo wa gesi joto. Ofisi ya Tom Perriello, mwakilishi wa Virginia, ilipokea barua zenye vichwa vya jumuiya za kwao: tawi la NAACP, chama cha Wamarekani weusi, na Creciendo Juntos, jumuiya ya watu wa asili ya Kilatini. Zilimsihi awalinde wanyonge na bili kubwa za umeme. Jumuiya hizo hazikuziandika. Ziliandikwa katika kampuni ya Bonner and Associates, iliyokodiwa na kampuni ya Hawthorn Group, nayo iliyokodiwa na muungano wa wenye makaa ya mawe. Ilipobainika, Bonner ilimtwika lawama mfanyakazi mmoja wa muda, ikamfukuza. Mlolongo mrefu namna ile, na mwisho wake akapatikana mwenye hatia mmoja, aliye mdogo kuliko wote.

Hapa mpenzi wa ushairi hana budi kusita kidogo. Malenga wa mwambao wamekuwa wakiandika kwa sauti za wengine tangu zamani. Kijana asiyejua vina humwendea mtunzi, akampa cha kahawa, akaondoka na beti za kumpelekea mchumba. Na hapana aliyeita hiyo ghushi. Sababu ni nyepesi: huba ilikuwa ya kijana. Mtunzi aliazima maneno tu, moyo ulikuwako. Katika barua zile mambo yalikwenda kinyume. Maneno yalikuwako, tena ya huruma, na mwandishi wake alilazimika kumfikiria bibi kizee mwenye bili mkononi. Ila hapakuwa na bibi aliyemtuma.

Wenye makaa walipata habari za ughushi huo kabla ya kura. Perriello hakuambiwa. Hata hivyo aliunga mkono, na tarehe 26 Juni 2009 mswada ukapita kwa kura 219 dhidi ya 212. Mwaka uliofuata ulikwama Seneti, haukupigiwa kura kamwe. Jumuiya zile zilipata habari baada ya kura, zikaoneshwa barua zenye majina yao, wakaketi kusoma wanasema nini.