Ndani Haina Wingi

Shuleni tulikaririshwa: chumba, vyumba; ukuta, kuta; ua, nyua. Aliyesema "maua ya nyumba" akimaanisha nyua alichekwa darasa zima. Hatukuulizwa hata siku moja kama kila chumba kinastahili kuwa na wingi.

Hebu tuingie katika nyumba ya mawe ya Lamu, zile za karne ya 18. Unapokelewa na daka, unapita tekani, unatokea kiwanda (si cha sabuni, jamani, ni uwanja ulio wazi juu). Mbele yako msana wa tini, halafu msana wa yuu, halafu ndani, na nyuma yake nyumba ya kati. Vyote virefu na vyembamba, maana boriti za mikoko hazivuki nafasi pana; upana ni kama mita 3 tu. Sasa hesabu. Daka, madaka. Msana, misana. Ndani je? Hakuna anayesema "ndani tatu". Ndani ilikuwa ya mwenye nyumba na mkewe, ukutani zidaka, na mgeni wa kawaida hafiki. Nyumba ya kati ndiko walikozaliwa watoto na walikooshwa maiti. Chumba kinaitwa nyumba! Na neno chumba lenyewe ni hiyo hiyo nyumba iliyovalishwa ki- ya udogo.

Kwa hiyo mimi naona jina la chumba lilikuwa kazi yake. Wingi ni lugha ya dalali. Dalali hana msana wala ndani, ana vyumba sita, kodi miezi sita mbele.

Utasema basi turudi zamani. Ngoja kwanza. Katika nyumba za ghorofa za hao hao waungwana wa Lamu, chini walikaa watumwa, pamoja na bidhaa. Adabu yote ile ya ndani ilibebwa na watu ambao wao wenyewe hawakuwa na ndani. Na Zanzibar, baada ya mapinduzi ya 1964, serikali ilitwaa nyumba nyingi za Mji Mkongwe, familia nyingi zikawekwa ndani ya nyumba moja. Wapo wanaolia kwamba majumba yaliharibiwa, mapaa yakavuja, kuta zikabomoka. Ni kweli yaliharibika. Ila kilio hicho mara nyingi ni cha mtu anayehesabu milango ya nakshi, hahesabu watu waliopata pa kulala.

Swali langu ni jingine, nalo linanikera zaidi: ukigawa nyumba kwa haki, kila familia ikapata chumba, je, umeigawa ndani? Haigawiki. Nafasi inapimwa kwa mita, lakini mahali pa kumvalisha mgonjwa, pa kugombana kwa sauti ya chini, pa kumwosha marehemu bila macho ya wapangaji wenzako, hapo mita hazisaidii. Aliyekupa chumba bila hayo amekupa wingi, umoja ameubakiza kwake.

Ndiyo maana napenda kutazama vyumba vya kupanga vya Uswahilini. Chumba kimoja, baba, mama, watoto watatu. Katikati kamba na pazia la kanga iliyochakaa. Upande wa mlango pana stuli na redio. Mgeni akibisha hodi akauliza, "Mama yuko wapi?", mtoto anaonyesha pazia kwa kidole: "Yuko ndani."