Jumatano: Meza ya Dau Dogo

Soma Mithali 13:11 na Waefeso 4:28. Mafungu haya yanaonyesha njia zipi mbili za kupata mali, nazo zinatofautianaje?

Katika baadhi ya kasino za Las Vegas, jimboni Nevada, ambako kamari ilihalalishwa mwaka 1931, kuna meza za poka za dau dogo. Dau za lazima zinaweza kuwa dola 1 na dola 2 tu. Wanaozitetea husema kwamba poka si kama gurudumu la bahati. Mchezaji hashindani na kasino bali na wenzake, hivyo mwenye ustadi na subira anaweza kupata faida.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni lazima gharama zihesabiwe (Luka 14:28). Kasino hukata sehemu ya fedha zinazowekwa katikati ya meza. Tuchukulie kwamba wachezaji 9 wameketi, kila mmoja akiwa na dola 200, na jumla yao ni dola 1,800. Karata zikigawiwa mara 30 kwa saa, na kasino ikikata wastani wa dola 3 kila mara, dola 90 huondoka mezani kila saa. Ikiwa hakuna anayeongeza fedha, baada ya saa 20 meza yote itakuwa tupu. Kwa wastani, kila mchezaji hulipa dola 10 kwa saa, bado bakshishi ya mgawa karata. Kadiri dau linavyokuwa dogo, ndivyo makato haya yanavyokula sehemu kubwa ya kile kinachoshindaniwa.

Basi, je, faida inawezekana? Ndiyo, kwa wachache. Lakini swali zito zaidi ni hili: faida hiyo inatoka wapi?

Soma Wafilipi 2:4 na 1 Wakorintho 10:24. Mkristo anaagizwa kutafuta faida ya nani?

Sokoni, mwenye mahindi huondoka na fedha, na mnunuzi huondoka na chakula. Wote wawili wamepata. Mezani pa poka hakuna kilicholimwa, kilichoshonwa wala kilichojengwa. Kila dola anayoipeleka mshindi nyumbani imetoka mfukoni mwa aliyeketi karibu naye. Tena mshindi hutafuta meza yenye wachezaji dhaifu: mgeni asiyejua mchezo, mlevi, au yule anayejaribu kurudisha alichopoteza jana. Udhaifu wa jirani ndio shamba lake. Hawezi kuketi hapo na kumtakia jirani yake mema, kwa kuwa mema ya jirani ni hasara yake.

Mtu aweza kusema, “Kila mmoja aliketi kwa hiari yake.” Ni kweli. Lakini upendo haukomi kwenye hiari ya mwenzako. Huuliza pia atakavyorudi nyumbani na watoto wake watakula nini. Paulo aliwaelekeza Waefeso kwenye kazi ya mikono, si ili wajitosheleze tu, bali wapate cha kumgawia mhitaji. Kazi ya namna hiyo humfanya mhitaji kuwa mtu wa kupewa. Kamari humfanya kuwa mtu wa kunyang’anywa.

Soma Luka 16:10. Kwa nini udogo wa kiasi hauondoi uzito wa jambo?

Dola 2 ni kidogo, lakini uwakili haupimwi kwa ukubwa wa fedha. Mungu ndiye Mmiliki wa yote, hata ya sarafu moja. Anayezoea kufurahia hasara ndogo ya mwenzake anajenga tabia, na tabia hiyo huondoka naye mezani. Kristo alifuata njia nyingine. Askari walipigia kura vazi lake chini ya msalaba (Yohana 19:23, 24), wakitafuta kupata kutokana na hasara yake. Naye papo hapo alikuwa akitoa vyote, ili wao wapate uzima.

Maswali ya Kujadili:

1. Ndugu kanisani anasema kwamba anabeti kwa simu kiasi kidogo tu, na mara nyingine hushinda. Mtamsaidiaje bila kumdharau?

2. Fikiria njia unayopatia riziki yako. Je, jirani yako naye hunufaika, au hupoteza ili wewe upate?