Rafiki Unayeweza Kumkatalia

Kipupwe kinapoingia, Makambako hupokea wageni wa aina yake. Mji huu wa njia panda, ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, umezoea madereva wa malori, wanunuzi wa viazi na watu wa mbao. Lakini kati ya Juni na Agosti huongezeka vikundi kutoka Marekani na Ulaya: vijana wenye fulana za rangi moja, mchungaji wao, mabegi makubwa na katoni za maji ya chupa. Wanaelekea vijijini, Kichiwa au kwingineko Njombe, kukaa wiki mbili. Watapaka rangi darasa, watacheza mpira na watoto, watasimama mbele ya usharika kuimba. Ukiwauliza kilichowaleta, wengi watakwambia hawakuja kupanda jukwaani na kuhubiri; wamekuja kushiriki imani kwa njia ya urafiki.

Maneno hayo yanapendeza, na mimi nayaogopa kidogo. Urafiki uliopewa kazi ya kufanya ni urafiki wa namna gani? Nikikufanya rafiki ili uamini ninachoamini, siku utakapoamini kazi imekwisha, na siku utakapokataa kazi imeshindikana. Vyovyote iwavyo, sina tena haja nawe. Mvuvi naye humsogelea samaki kwa upole. Hata hivyo, kunyamaza si jibu. Mtu mwenye jambo linalobeba maisha yake yote, akalala nyumbani kwako, akala ugali wako, kisha akalificha jambo hilo kwa adabu mpaka siku ya kuondoka, huyo naye hakuwa rafiki, alikuwa mpangaji. Kwa hiyo simlaumu anayesema imani yake. Namtazama anayeambiwa, na kuuliza kama ana nafasi ya kusema hapana.

Tuwe wakweli kuhusu Kichiwa. Injili haikuja na basi la mwaka jana. Wamisionari wa Berlin walifika Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe, mwishoni mwa karne ya 19, na leo mji wa Njombe una makao ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na ya jimbo la Kikatoliki lililoundwa mwaka 1968. Mzee wa kanisa anayempokea kijana wa miaka 19 kutoka ng'ambo huenda amezika, ameombea wagonjwa na amevumilia njaa ya kweli kabla kijana huyo hajazaliwa. Kwa hesabu ya imani, mwenye akiba ni mwenyeji. Kwa hesabu ya fedha, mambo yamegeuka: mwenyeji ana shamba la mahindi na viazi, ana mtoto anayesoma, ana paa la kanisa linalovuja, na anajua kwamba mgeni akipendezwa huenda mambo hayo matatu yakapata msaada. Nani atampinga mgeni wa namna hiyo? Ataambiwa ndiyo kuhusu saa ya ibada, ndiyo kuhusu rangi ya darasa, ndiyo kuhusu maombi marefu yasiyotafsirika. Adabu ya Kibena inaongeza uzito wake: mgeni husalimiwa kamwene, huchinjiwa kuku, hapingwi. Atarudi kwao akisimulia jinsi alivyopokelewa kwa furaha, wala hatakuwa amedanganya.

Aristotle aliandika kwamba pengo kati ya watu wawili likipanuka mno, urafiki hauwezi kukaa. Ningependa kumbishia, lakini historia ya Njombe yenyewe inanizuia. Pale Yakobi, si mbali na mji, aliishi mmisionari wa Berlin aitwaye Paul Gröschel. Wenyeji walimwita Korosani. Septemba 1905, vita vya Majimaji vilipofika, wapiganaji wa mtawala wa Wabena, Mbeyela, walikishambulia kituo chake, na Gröschel na waliokuwa naye wakajihami kwa bunduki. Katika masimulizi ya wazee wa huko, mapigano hayo yamebaki na jina la mmisionari mwenyewe: vita vya Korosani. Sisemi walimshambulia kwa sababu ya mahubiri. Majimaji vilikuwa na kodi, kazi za lazima na utawala mzima wa Wajerumani nyuma yake. Nasema tu kwamba jirani aliyekuja pamoja na dola hawezi kujua jirani zake wanamwonaje. Wanamjibu ndiyo kwa miaka, na hapana yao ya kwanza inaweza kumjia na mikuki.

Miaka mitano baadaye, 1910, wamisionari wa dunia walikutana Edinburgh, na Mhindi mmoja, V. S. Azariah, akasimama kuwaambia jambo ambalo wengi hawakulipenda. Aliwakubalia kwamba wametoa mali na hata miili yao kwa ajili ya watu wake, kisha akawaomba kitu kimoja zaidi: marafiki. Hotuba yake hunukuliwa sana na wapangaji wa safari hizi, kana kwamba aliomba wageni wachangamfu zaidi. Lakini malalamiko yake yalikuwa juu ya tofauti ya daraja, juu ya Mzungu na Mhindi wanaofanya kazi moja bila kuketi meza moja. Mwenzako wa meza moja anaweza kukubishia.

Aliyelielewa hilo kwa gharama kubwa ni Vincent Donovan, padri Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, kule Loliondo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba misheni ina shule na hospitali, Wamasai wanazitumia na wanawapenda mapadri, lakini hakuna anayezungumza nao habari za Mungu. Akaomba aende boma kwa boma bila kuahidi kitu, azungumze tu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 anasimulia jamii moja iliyomsikiliza kwa muda mrefu, kisha ikamwambia kwa heshima kwamba imeelewa na haitaki. Donovan aliondoka akiwa ameumia, na ameandika kwamba siku hiyo ndiyo iliyomfundisha zaidi: habari njema isiyoweza kukataliwa si habari njema. Kwangu mimi, wale waliomkatalia walikuwa marafiki zake kuliko wote waliowahi kumkubalia kwa sababu ya dawa.

Sisi hatuhitaji kwenda Loliondo kulijua hili. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani. Mtani anakutukana msibani, anadai vitu vyako, anakwambia ukweli ambao ndugu yako ameumeza. Huo ni urafiki uliojengewa ruhusa ya kupinga. Mgeni wa misheni hana mtani. Anayemcheka humchekea kwa Kibena, pembeni, na hakuna anayemtafsiria.

Kuna kukataa kwingine, na huku mgeni ndiye mkosaji. Siku ya kuaga, mama wa nyumba humletea kuku hai aliyefungwa miguu, au mayai. Mgeni husita: hawa ni maskini, nitachukuaje chakula chao? Anakirudisha, na anadhani ametenda wema. Amemwambia mama huyo kwamba hana kitu cha kumpa mtu. Luka sura ya 10 inawatuma wanafunzi bila mfuko wala mkoba, wale watakachopewa, na sura hiyohiyo inakubali kwamba miji mingine itawakataa. Aliyetumwa anatumwa akiwa mhitaji. Hilo katoni za maji haziliruhusu.

Je, safari zikome? Sidhani. Jirani zetu wa Iringa wana ushirikiano na Walutheri wa Saint Paul, Minnesota, tangu 1987, uitwao Bega kwa Bega, na Watanzania nao husafiri kwenda kule kutembelea na kuhubiri. Safari ya njia mbili haifuti pengo la fedha, ila humpa mwenyeji nafasi ya kuwa mgeni, kuombewa na kushangaa.

Kwa wanaopanga kuja Kichiwa mwakani nina ombi moja. Kabla ya kukata tiketi, waandikieni wazee wa usharika swali lenye majibu mawili: tuje au tusije? Fedha ya paa itumeni kwanza, ili jibu lisiwe na bei. Wakiwaambia mje Januari, wakati wa palizi, badala ya Julai, njooni Januari na mshike jembe. Wakisema msije, endeleeni kuwaandikia.