Mtoto Anayekataa Kulala

Soma Yohana 11:11–14 na Zaburi 4:8.

Fikiria nyumba moja ya Matogoro, Songea, usiku wa baridi ya Julai. Ibada ya jioni imekwisha, lakini mtoto wa miaka minne hataki kulala. Ameomba maji mara mbili. Ameomba kwenda chooni. Sasa analia. Mama, aliyechoka, anamtisha: "Usipolala, fisi atakuja!" Mtoto ananyamaza, macho yakiwa wazi gizani.

Je, huo ni ukaidi? Wiki iliyopita, makaburini, alisikia wakubwa wakisema bibi yake amelala. Kisha akaona jeneza likifukiwa. Hakuna aliyemweleza zaidi.

Biblia huita kifo usingizi, na kwa anayelijua tumaini la ufufuo neno hilo ni faraja. Lakini hata wanafunzi hawakulielewa. Yesu aliposema Lazaro amelala, walidhani ni usingizi wa kawaida. Hakuwakemea, aliwaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Ikiwa watu wazima walihitaji kufafanuliwa, si zaidi mtoto?

Kitisho humnyamazisha mtoto kwa uongo. Akigundua kwamba fisi hakuja, ataaminije mzazi huyohuyo anapomwambia kwamba Yesu atakuja? Kweli huchukua dakika chache tu: bibi amekufa, na Yesu atamfufua, usingizi wako ni wa kupumzika, na mama yupo hapa.

Jadilini: Ni maneno gani ya faraja tunayoyazoea kanisani ambayo huenda yanawatia watoto wetu hofu?