Kalamu ya Mwalimu Juu ya Mchoro wa Mwanafunzi

Je, mwalimu anayo haki ya kuugusa mchoro wa mwanafunzi wake? Swali hili huenda likaonekana dogo kwetu sisi ambao kazi yetu ya kila wiki ni kuzitia wino mwekundu insha za watoto wa watu. Lakini mimi nililipata Rubongi, karibu na Mwamba wa Tororo, na tangu siku hiyo halijanipa raha.

Asubuhi moja niliwapa vijana wa darasa langu zoezi la kuuchora Mwamba huo. Wote walikuwa wameuona tangu utotoni. Hata hivyo, karibu kila mmoja aliniletea pembetatu, na baadhi wakaongeza jua lenye miale juu ya ncha. Kumbe Mwamba ule si pembetatu hata kidogo. Ni mabaki ya volkano ya kale, kisiki cha jiwe gumu kilichobaki baada ya udongo wa kandokando kumomonyoka, na mbavu zake zimesimama karibu wima. Vijana walikuwa wamelichora neno "mlima", wala si kitu walichokiona. (Walimu wenzangu watanielewa: ndivyo zinavyoanza insha nyingi kwa "Hapo zamani za kale", hata pale mtoto alipoulizwa habari za jana.)

Basi nikatwaa kalamu ya risasi, nikaketi karibu na kijana mmoja, nikausahihisha mchoro wake kwa mkono wangu mwenyewe. Mistari ilikuwa mizuri, sikatai. Kijana akautazama, kisha akasema kwa adabu, "Asante, Mwalimu. Sasa huu ni Mwamba wako." Akaigeuza karatasi, akaanza upya upande wa pili.

Ugomvi huu si mgeni katika Uganda. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alichelea kuwapa wanafunzi mifano ya Ulaya wainakili. Alipenda kuwasimulia jambo, nao wakachora picha iliyowajia akilini. Cecil Todd, aliyeshika nafasi yake mwaka 1958, alitilia mkazo zaidi mafunzo rasmi ya ufundi na elimu ya sanaa ya nchi nyingine. Naye Elimo Njau, aliyesoma huko huko Makerere na kushiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, amejulikana kwa kuupiga vita unakilishaji.

Kwa maoni yangu hofu ya Trowell ilikuwa ya haki, ila yaweza kumpeleka mwalimu mvivu mahali pabaya. Mtoto anayesifiwa kwa pembetatu yake amedanganywa. Tumemwacha aamini kwamba ameona, ilhali hajatazama. Na uongo uliosemwa kwa upole haupungui kuwa uongo. Kunyamaza nako ni kumnyima haki yake.

Yapo mazoezi ya chini kabisa ambayo kila anayejifunza kuchora huyapitia. Mmojawapo wa mifano ni huu: nyosha mkono, shika kalamu wima, fumba jicho moja, kisha upime urefu wa kitu kwa ncha ya kalamu na ukucha wa kidole gumba. Halafu uilaze kalamu, uone kipimo hicho kinaingia mara ngapi katika upana. Nilipowafundisha vijana zoezi hili, kazi yangu ilibadilika. Sikusema tena, "Umekosea." Niliuliza, "Umepima?" Naye aliyeulizwa aliinua macho kuutazama Mwamba, hakunitazama mimi. Hapo ndipo nilipoiona tofauti niliyokuwa nikiitafuta: liko sahihisho linalomrudisha mtu kwenye kitu, na liko linalomrudisha kwa mwalimu tu. La pili huzaa aibu au utumwa, hata likiwa sahihi.

Lakini katika lugha, Mwamba ni upi? Hapa nakiri kwamba mfano wangu unachechemea. Mtoto wa Rubongi huenda anasema Kidhopadhola au Kiteso nyumbani, na Kiswahili chake amekiokota kwa askari na kwa wachuuzi wa Busia na Malaba. Akiandika "kitabu yangu", hakuna jiwe la kumwonyesha apime. Kuna mapatano ya wasemaji tu, nami sina budi kusema kwa mamlaka. Hata hivyo, maana aliyokusudia ni yake. Ninapoifuta sentensi yake nzima na kuweka yangu iliyonyooka, nimemtendea vilevile nilivyomtendea yule kijana.

Kijana huyo alinijia baada ya majuma mawili, ameshika karatasi ile ile. Upande mmoja mchoro wangu, upande wa pili wake, umefutwa na kurudiwa hata karatasi imekaribia kutoboka. "Mwalimu," akasema, "nimepima. Wako ni mwembamba mno."

Tukatoka nje. Nikanyosha mkono, nikafumba jicho, nikapima mara mbili. Alikuwa amesema kweli. Nikamwomba ufutio.