Hatia ya Upepo

Tarehe 15 Aprili, 1872, tufani iliipiga Unguja kwa nguvu ambayo wazee wa kisiwa hawakuwa na kumbukumbu ya mfano wake. Marikebu za Seyyid Barghash zilitupwa pwani zikavunjika, majahazi yalizama bandarini, nyumba zilianguka, na katika mashamba ya nyuma ya mji mikarafuu na minazi ililala chini kama majani yaliyofyekwa. Hukisiwa kuwa theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja, kama si zaidi, ilipotea. Pemba, iliyo karibu upande wa kaskazini, haikudhurika sana.

Baada ya msiba wa namna hii watu huulizana kosa ni la nani. Wako wanaojibu kwamba ni adhabu ya dhambi za walioangukiwa. Jibu hili ni jepesi katika kinywa cha mtu ambaye paa lake halikuezuliwa. Kama tufani ile ilikuwa adhabu, haina budi kuelezwa kwa nini mtumwa aliyekuwa akichuma karafuu kwa hofu ya bakora aliadhibiwa pamoja na bwana wake, na kwa nini mabwana wa Pemba, ambao hawakuwa wema kupita wa Unguja, walisamehewa, na tena wakaneemeka kwa kupanda kwa bei. Wako wengine wanaojibu kwamba kosa si la mtu yeyote: upepo ni upepo, na lililoandikwa limeandikwa. Jibu la pili lina adabu kuliko la kwanza, na kwa sababu hiyo lastahili kuchunguzwa zaidi, maana kosa lenye adabu hukaribishwa ndani na kupewa kiti.

Kwanza yafaa kujua upepo huo huzaliwaje. Tufani za Bahari ya Hindi huanza mahali ambapo maji ya juu yamepata joto la kiasi cha digrii 26 au 27 za sentigredi, au zaidi. Mvuke hupanda kutoka katika maji hayo, na ukikutana na baridi ya juu hugeuka mawingu na mvua. Katika kugeuka huko huachilia joto ulilolichukua baharini. Joto hilo huifanya hewa iliyouzunguka kuwa nyepesi, nayo hupanda, na hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia yenyewe yazunguka, hewa ikimbiayo haiendi moja kwa moja bali hupinda. Kusini mwa ikweta huzunguka kwa upande wa mishale ya saa. Mzunguko ukikaza hujilisha wenyewe: upepo huongeza mvuke, mvuke huongeza joto, joto huongeza upepo. Katikati hubaki jicho la utulivu, na wako waliokufa kwa kulidhania jicho hilo kuwa mwisho wa dhoruba, wakatoka kutazama mali zao, kumbe nusu ya pili i njiani na upepo wake ukitoka upande wa pili. Nguvu ya kuipinda hewa ni dhaifu karibu na ikweta. Ndiyo sababu Unguja, iliyo kwenye digrii 6 kusini, hufikiwa na tufani kwa nadra sana. Lindi, iliyo kwenye digrii 10, ilifikiwa mwaka 1952, tarehe 15 Aprili vilevile. Wapendao ishara za tarehe watafurahi. Lakini Aprili ni mwezi wa maleleji, kaskazi imeondoka na kusi haijashika sawasawa, na bahari ingali na joto la miezi iliyopita.

Katika mambo haya yote hapana mahali pa nia. Bahari haikumkasirikia mtu, na mvuke hauna daftari ya wema na waovu. Upepo basi hauna hatia. Lakini kuuachilia upepo si kuwaachilia wote waliosimama karibu nao. Upepo huleta nguvu. Hasara hupimwa kwa vitu vilivyowekwa mbele yake, na wanaoviweka ni watu. Husimuliwa kuwa Seyyid Said bin Sultan, babake Barghash, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Hivyo Unguja ikautia riziki yake katika mti mmoja ambao mche wake hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri. Muhogo ukilazwa na dhoruba hupandwa tena masika yafuatayo. Mkarafuu ukilala, mwenye shamba huingia katika deni, na deni lina upepo wake ambao hautulii kwa siku moja.

Usiku wa tarehe 12 Novemba, 1970, kimbunga kilisukuma bahari juu ya visiwa na delta ya iliyokuwa Pakistani ya Mashariki. Watu wasiopungua 300,000 walikufa, wengi wao kwa maji wala si kwa upepo. Habari ya kimbunga ilikuwa inajulikana, lakini haikuwafikia wengi wao kwa namna ambayo ingewaokoa, na hata aliyeipata hakuwa na mahali pa juu pa kukimbilia. Nchi hiyo ilipokuwa Bangladeshi ilianza kuwafundisha watu wa kujitolea kupita vijijini na vipaza sauti, na baadaye kujenga nyumba imara za kukimbilia. Kimbunga kikali sana cha Novemba 2007 kiliua maelfu kadha, nao ni wengi. Lakini si mamia ya maelfu. Bahari ilikuwa ileile, na nchi ilikuwa tambarare kama zamani. Mtu aliyesema mwaka 1970 kwamba vifo vile vyote vilikuwa kadari aliipa kadari mzigo ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya serikali. Waislamu wa pwani wanayajua mafundisho ya Mtume kwa bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba: amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali.

Siku hizi hata usafi wa upepo umeingia doa. Bahari imepokea zaidi ya sehemu 9 katika 10 za joto lililoongezwa duniani na moshi wa viwanda na mitambo, na bahari yenye joto zaidi huipa tufani chakula zaidi na mvua nyingi zaidi. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, na watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, nchi ambazo fungu lao katika moshi huo ni dogo mno. Haiwezekani kusema kwamba moshi fulani uliua mtu fulani. Lakini neno maumbile halitoshi tena.

Tena kuna matumizi mabaya ya msiba kuliko uzembe, nayo yalionekana Unguja. Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika akitumwa na serikali ya Uingereza kutaka biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Seyyid Barghash alikataa, na moja ya hoja zake ilikuwa tufani: kisiwa kimekwisha kuangamizwa na upepo, na kukatazwa watumwa kungekuwa maangamizi ya pili. Hasara yake ilikuwa ya kweli, na hapana mwenye moyo angeicheka. Lakini hoja yake ilitaka msiba wa mwenye shamba ulipwe na mtu ambaye hakupata kumiliki hata mkarafuu mmoja, ambaye pengine saa ile alikuwa bado kwao bara, hajatekwa. Waingereza nao hawakuwa malaika. Walishinda kwa kutishia kukizingira kisiwa kwa manowari, na pembe zilizobebwa hadi pwani kwa mabega ya watumwa ziliuzwa London bila kuulizwa habari zake. Dhambi ya mshtaki, hata hivyo, haimwoshi mshtakiwa.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni, 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mashamba yalipandwa upya, na Pemba ikapanda kwa pupa kwa sababu ya bei, na watu wakaendelea kuvushwa usiku kwa majahazi kwenda kuyalima. Utumwa wenyewe ulibaki halali katika visiwa hivyo hadi 1897. Mche uliotiwa ardhini na mtumwa mara tu baada ya tufani ulikuwa umezaa misimu mingi kabla ya mwaka huo, na karafuu zake zilichumwa na mkono uleule, au mkono wa mwanawe.