Juu ya Mzizi Kuna Nini?

Mwanafunzi wa kompyuta Mji Mkongwe akiandika amri cd .., hupanda folda moja juu. Akirudia hufika kwenye mzizi, /. Akizidi kupanda, kompyuta hailalamiki, humwacha palepale. Katika mfumo wa Unix, ulioanza Bell Labs mwaka 1969, mzazi wa mzizi ni mzizi wenyewe.

Kilele cha namna hiyo kimo pia katika falsafa: mwanafalsafa Ibn Sina alishikilia kwamba mnyororo wa sababu hauwezi kurudi nyuma bila kikomo: lazima uishie kwa Aliyepo bila kusababishwa. Hoja hiyo si ngeni kwa wasomao tauhidi Mji Mkongwe, ambako Sheikh Abdallah Bakathir alisomesha mtaa wa Ukutani hadi alipofariki 1925.

Ila mzizi wa kompyuta umewekwa na binadamu. Tena tangu 1979 ipo amri ya chroot, inayoifungia programu ndani ya folda moja na kuifanya iione folda hiyo kuwa ndiyo mzizi. Hapo ndipo swali linapouma: aliyefika kileleni atajuaje kwamba hakufungiwa?